Kutoka Lubumbashi hadi Bagamoyo: Baba anaenda kumwoza mwanawe

Jumatatu. Lubumbashi, Kasumbalesa, Kitwe

Tumetoka Katuba, mtaani kwetu Lubumbashi, Kongo, saa kumi na moja alfajiri, watu watano: Baba, Mama, Shangazi, mwanangu wa miaka tisa na mimi. Mizigo saba. Mdogo wangu wa mwisho anaoa Jumamosi huko Bagamoyo, Tanzania, ufukweni kabisa. Mahari ilishamalizwa mwaka jana, ikipelekwa na rafiki zake walioko Dar es Salaam, lakini kwetu mtoto wa kiume haoi kama baba yake yuko hai na hajasimama hapo. Hesabu ya ndege tuliipiga mara tatu, ikatushinda. Ikabaki barabara, karibu kilomita 2,000.

Baba ana miaka 72. Nilipomwuliza kama mgongo utavumilia alinijibu, "Shaba inaendaka kila siku. Miye njo nitashindwa?"

Amefanya kazi miaka 31 kwenye tanuru la Lubumbashi, pale chini ya lile bomba refu la moshi na kile kilima cheusi ambacho mtu yeyote wa mji wetu akiulizwa kwao ni wapi huanza kukitaja. Miaka yake ya mwisho alikuwa upande wa kupakia. Shaba inafungwa, inapandishwa kwenye behewa, na ubavuni mtu anaandika kwa chaki inakokwenda. Dar es Salaam aliisoma hivyo, kwa chaki, miaka na miaka. Bahari hajaiona hata siku moja.

Kutoka mjini hadi mpakani Kasumbalesa ni kama kilomita tisini, na robo ya mwisho ni malori tu. Baba alishusha kioo cha teksi akaanza kuyahesabu. Yanayotoka yamebeba shaba: turubai limekazwa, lakini mzigo uko chini, haujai hata nusu ya kimo cha tela, kwa sababu uzito unamalizika kabla ya nafasi. Yanayoingia yamebeba mafuta na salfa, ile ya njano ya kutengenezea asidi ya kuoshea mawe. Alipofika mia na sitini aliacha kuhesabu.

Forodhani walifungua begi lake. Ndani ya blanketi kulikuwa na zawadi ya wakwe: sahani ya shaba iliyopigwa kwa nyundo, upana wa mkono mzima, katikati umechorwa msalaba wa Katanga, ule uliokuwa pesa ya wazee kabla ya pesa. Pembeni, mkufu wa malakite, lile jiwe la kijani, wa bibi harusi. Afisa aliigeuza geuza sahani, akauliza karatasi. Baba alikuwa nayo, risiti ya fundi yenye muhuri, imekunjwa ndani ya kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano. Tukavuka kwa miguu.

Upande wa pili, Zambia, Mama ndiye aliyetuongoza. Amezaliwa Sakania, Kibemba ni lugha ya mama yake, na tangu Chililabombwe mpaka Kitwe hakunyamaza. Tumelala kwa binti wa dada yake. Tumekula bukari, yaani ugali, ambayo huko wanaiita nshima, na vinkubala, wale viwavi.

Jumanne. Kitwe hadi Mpika

Basi lilisubiri kujaa hadi saa tano asubuhi. Kapiri Mposhi tukaiona reli ya TAZARA inapoanzia, ile iliyojengwa na Wachina miaka ya 1970 kwenda Dar es Salaam. Baba alisimama kwenye kiti ili aione vizuri.

Baada ya Serenje barabara imekufa. Mashimo hata dereva hayakwepi tena, anachagua lipi ni dogo. Usiku ulitukuta njiani, na Zambia mabasi ya abiria hayaruhusiwi kutembea kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo tumelala ndani ya basi, Mpika, kituoni. Baridi ya huko ni ya kweli. Shangazi alifungua furushi la vitenge vya zawadi akatufunika navyo wote, pamoja na mtoto wa watu aliyekuwa kiti cha nyuma.

Jumatano. Mpika, Nakonde, Tunduma

Tumefika Nakonde alasiri. Mpaka ni mtaa mmoja: unaingia jengo moja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia, unatokea Tunduma na saa yako iko nyuma kwa saa nzima.

Kilichomshangaza Mama ni masikio yake. Kwa siku mbili alikuwa kwenye Kibemba, na sasa kila mtu, hata msukuma mkokoteni, anasema Kiswahili, tena Kiswahili ambacho yeye anakijua kutoka kanisani, kwenye misale. "Banasemaka sawa Biblia," alinong'ona.

Nilikwenda kubadilisha kwacha. Baba akakata tiketi za kesho.

Alhamisi. Tunduma

Hii siku naiandika kwa uchungu.

Sisi Lubumbashi saa tunazitaja kwa Kifaransa. Mtu akisema douze heures, ni saa jua liko utosini. Baba alipoambiwa dirishani basi linaondoka saa kumi na mbili, alisikia kumi na mbili. Tiketi ilinipitia na mimi mkononi: 12:00 ASB. Herufi tatu za mwisho hazikuniambia kitu. Tukalala, tukaamka, tukanywa chai na chapati bila haraka, tukafika kituoni saa tano asubuhi kwa saa zao, tukiwa tumewahi, tukaambiwa basi limeondoka tangu alfajiri. Kwa Watanzania saa inaanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapozama, jambo ambalo nililisoma shuleni na sikuwahi kuliishi.

Nauli haikurudi. Nilisimama dirishani mpaka sauti ikanikauka. Baba alikaa juu ya begi lake, mkono mmoja juu ya blanketi lenye sahani, hasemi. Nilijua anafikiria nini: kesho jioni ndiyo kutambulishana, na kama hatukufika, mwanawe atasimama mbele ya buko, yaani wakwe, kama mtoto asiye na watu.

Aliyetuokoa ni mama muuza chapati, yule yule aliyetupa chai. Alisikia kelele, akauliza kisa, akapiga simu mbili. Saa tisa alasiri palikuwa na basi jingine linalotembea usiku. Tukalipa upya, pesa iliyokuwa ya kurudi nyumbani. Kabla hatujapanda alimshika Baba mkono na kumfundisha: "Mzee, ukisikia saa yetu, ongeza sita au toa sita." Baba aliirudia kwenye vidole vyake mpaka Mbeya.

Makambako usiku. Iringa usiku. Mteremko wa Kitonga tuliushuka gizani, na kutoka dirishani nilichokiona ni taa za malori yaliyokuwa mbele yetu, mstari mmoja unaojikunja chini yetu kona baada ya kona. "Shaba hiyo," Baba alisema. Sikujua kama yuko macho.

Ijumaa. Chalinze hadi Bagamoyo

Kumepambazuka Morogoro, milima ya Uluguru imefunikwa mawingu mpaka kiunoni. Chalinze tukashuka. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya barabara tangu saa kumi na moja alfajiri na gari la kuazima. Hakutukumbatia kwanza. Alipokea begi la Baba, akaliweka ndani, kisha akarudi akapiga magoti pale pale kwenye vumbi la kituo. Mama akaanza kulia, na Shangazi akamwambia aache, bado kilio cha harusi kinahitajika kesho.

Hatukupita Dar es Salaam. Kuna njia ya Msata, inakata moja kwa moja hadi Bagamoyo, kilomita 64 za lami nzuri. Hewa ilianza kubadilika huko, nzito, ya joto, inakaa kwenye ngozi. Minazi. Kisha nyumba za makuti. Mwanangu alikuwa na swali moja tu: iko wapi? Iko wapi?

Tulifika nyumbani kwa wakwe karibu saa tano. Vijana wa nyumba walitoka kutupokea mizigo, na kila mmoja alipomkaribia Baba aliinama na kusema "Shikamoo." Kwetu salamu hiyo haipo. Baba aliwajibu "Aksanti" wote, mmoja mmoja, kwa moyo wote, mpaka mdogo wangu akamnong'oneza kwamba jibu ni marahaba. Basi akawaita tena wale wa mwanzo ili awajibu sawasawa. Wakarudi, wakainama upya. Hapo ndipo nilipoamini kwamba tumefika mahali pema.

Kabla ya chakula, kabla hata ya kunawa, Baba aliomba aone bahari. Ni mwendo wa dakika kumi, unapita nyumba za zamani zenye milango ya kuchongwa, unashuka kwenye soko la samaki. Tukatokea ufukweni sote.

Haikuwepo.

Mbele yetu palikuwa na mchanga wenye matope, unaenda mbali, mbali, madimbwi yanang'aa hapa na pale, na majahazi yamelala ubavu kama ng'ombe waliopumzika. Wanawake walikuwa wanatembea kule ambako kilindi kilipaswa kuwa, wameinama, wanaokota kitu. Mstari mwembamba wa buluu ulionekana mwisho kabisa. Baba alivua kofia. Alitazama kushoto na kulia. Sura yake ilikuwa ile ya jana juu ya begi, ya mtu aliyechelewa.

Bibi yake bibi harusi alikuwa amekuja nasi, mama mkongwe wa Kizaramo, mwembamba, kanga mbili, ndala mkononi. "Maji yamekupwa," akasema. "Leo ni bamvua, yanakwenda mbali. Yatarudi. Saa kumi yamejaa."

Baba akatoa vidole. Kumi, ongeza sita. "Seize heures," akasema. "Nitangojea."

Na akangojea kweli. Tulimbembeleza aje kula akakataa, akaletewa sahani ya wali na samaki pale pale, juu ya ngalawa iliyopinduliwa. Mimi na mwanangu tulikaa naye. Ninaandika aliyotuambia kwa sababu hajawahi kuyasema mfululizo hivyo nyumbani.

Sisi ni Bayeke wa Bunkeya. Hilo nalijua tangu utotoni. Kwamba wazee wetu walitoka Usumbwa, upande wa Unyamwezi, wakaenda Katanga kufuata shaba na pembe za ndovu katika karne ya 19, na kwamba Msiri akawa mwami, yaani mfalme, huko, nalo nalijua. Ambalo sikuwa nimeliunganisha ni hili: mzigo ule ulikuwa na mwisho, na mwisho mmoja wa njia za misafara ulikuwa mchanga huu tuliokuwa tumeukalia. Wapagazi wa Kinyamwezi walifika hapa kwa maelfu. Wengi husema jina lenyewe ni bwaga moyo: tua mzigo, tua na moyo.

"Na hapa tena," Baba alisema, akionyesha mchanga kwa kidole, "njo walitoka bale." Mwaka 1891 msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya mfalme wa Ubelgiji, ulianza safari yake ya bara kutoka Bagamoyo mwezi wa Julai, ukafika Bunkeya katikati ya Desemba. Tarehe 20 Desemba Mwami Msiri aliuawa kwa risasi. Baba alilisema polepole, bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya msiba wa nyumbani.

Mwanangu akahesabu, akamwuliza babu yake, kambo kama tunavyosema kwetu. "Kambo, walitembea miezi mitano?"

"Na zaidi."

"Sisi siku tano."

Baba hakumjibu. Maji yalikuwa yameanza kuja.

Bahari inayojaa haifanyi kelele, sikulijua hilo. Nilitazamia mawimbi. Yalikuja kama mtu anayemimina: dimbwi linaungana na dimbwi, kamba ya jahazi iliyokuwa chini inaanza kuelea, kisha jahazi lenyewe linatikisika, linanyanyuka ubavu, linasimama. Wanawake wa kule mbali walikuwa wamesharudi na ndoo zao bila sisi kuona. Saa kumi kasoro kidogo maji yalifika kwenye ngalawa yetu. Baba hakuinua miguu. Viatu vyake vya harusi, alivyovipiga rangi Jumapili, vikaingia maji mpaka kwenye kamba.

"Mayi yote hii," alisema. "Mayi yote hii njo inabebaka shaba yetu."

Jioni ndiyo ilikuwa kutambulishana, chini ya mwembe wa uani. Baba alisimama na viatu vilivyolowa akaeleza ukoo wetu. Alipotaja Usumbwa, yule bibi aliinua mkono.

"Ngoja. Nyie ni Wanyamwezi?"

"Kwetu tunaitwaka Bayeke, mama. Lakini njo bale bale."

Bibi alisimama, akavuka ua mzima, akamvua Baba kofia, akaivaa yeye. "Mtani wangu huyu! Miaka yote hiyo mmekwenda wapi na mizigo yetu? Kofia hii huipati, na leo unalala nje na mbwa!" Ua wote ukalipuka kwa vigelegele.

Mama alinishika mkono kwa nguvu, ameogopa. Ikabidi tuelezwe. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakikaa huku miezi wakisubiri mizigo na kugombana na wenyeji mpaka ugomvi ukageuka udugu. Mtani anakutukana, anachukua chako, na ukifa ndiye anayeshughulika na mazishi yako. Sisi tulioondoka Unyamwezi zamani sana tulisahau kwamba tunao watu pwani. Wao hawakusahau. Nilimtazama Baba bila kofia yake, kichwa cheupe, anacheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu amestaafu.

Jumamosi. Harusi

Misa saa nne, kwenye kanisa la misheni, ambayo ilianzishwa mwaka 1868. Hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, umebebwa na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kutoka bara ya Zambia, upande ule ule wa Serenje tuliopita Jumanne tukilalamikia mashimo. Niliwakumbuka wakati wa kolekta.

Bibi harusi alivaa malakite juu ya gauni jeupe. Nilikuwa na wasiwasi, kijani kile ni kizito, lakini kwenye shingo yake kilikaa kana kwamba kimetoka ardhini moja kwa moja.

Sherehe ilikuwa ufukweni. Vijana wa kutoka Dar walipanga meza mchana, chini sana, kwa ajili ya picha. Wavuvi wawili walikuja kuwaambia wazipandishe, maji leo yatapita jana. Safu tatu zilipandishwa. Ya nne ilibaki, na saa kumi na moja jioni wageni wa safu ya nne walikula pilau maji yakiwa vifundoni, hakuna aliyehama. Walipiga rumba ya kwetu mpaka Shangazi akavua viatu. Mama alicheza na mkwe wake wa kike, mmoja akiimba Kiswahili cha Lubumbashi, mwingine akimsahihisha, na Mama anamsahihisha na yeye. Kisamvu ni sombe. Mchicha ni lengalenga. Hilo halikuisha hadi usiku.

Jumapili

Sahani ilitolewa leo, kwa sababu jana hapakuwa na nafasi. Baba aliifungua blanketi mbele ya wazee. Siku sita za njia na hewa ya chumvi zimeigusa tayari: ukingoni kulikuwa na kivuli cha kahawia. Aliwaeleza kwamba wakiitundika sebuleni, karibu na bahari hivi, itafanya giza kwanza, kisha taratibu itaingia kijani. "Muiache tu. Musiisugue. Kijani njo rangi yake ya nyumbani."

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akaichukua, akaketi nayo mkekani, akaomba ndimu na majivu.

"Mtani hajui kazi," akasema. "Kitu cha shaba kinang'arishwa."

Baba alisimama pale. Nilidhani atakataa. Akapiga magoti mbele ya mkeka, kwa shida, kwa sababu ya goti la kushoto, akaishika sahani kwa mikono miwili ili isiteleze, na bibi akaanza kusugua kutoka kwenye msalaba kwenda nje. Kofia ya Baba ilikuwa bado kichwani kwake.